Taifa, Kanisa na Meza ya Bwana

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ilitutaka tuseme maneno machache juu ya dini na taifa, kabla mkutano haujaijadili hoja ya kubadili Kanuni ya Tatu ya chama chetu. Tulikubali, si kwa kuwa tu hodari wa kunena, bali kwa kuwa hoja yenyewe tuliiandika kwa mkono wetu katika daftari la kumbukumbu, kama kazi yetu ilivyotupasa, na tangu siku ile tumeisoma mara nyingi. Sisi si mchungaji, wala hatukusoma elimu ya dini kupita ile tuliyofundishwa katika shule ya misioni. Lakini karani hujua jambo moja ambalo wahubiri pengine hulisahau, nalo ni nguvu ya sentensi moja ikiisha kuandikwa na kutiwa sahihi.

Hoja yasema, kwa ufupi, ya kwamba chama chetu kitangazwe kuwa chama cha Kikristo cha watu wetu. Na ya kwamba fedha za mfuko wa mazishi, kwa muda, zitolewe kwa wale tu watakaoleta barua ya kanisa. Walioileta ni wanachama wema na ada zao hazina deni. Sababu zao twazijua. Mwaka uliopita palikuwa na mabishano katika matanga mawili juu ya nani aongoze maombi, na maiti ikakawia kuzikwa, jambo la aibu kwetu sote. Tena wako wanaosema kwamba watu wetu walipokea Injili mapema, kwamba Mungu ametuinua kati ya makabila, na kwa hiyo yafaa chama chetu kiwe na alama yake. Maneno haya tumeyasikia pia vinywani mwa wagombea uchaguzi, wakisimama madhabahuni wakati wa kampeni na kuwaita watu wao taifa teule. Hatutawajibu kwa hasira. Tunataka kuwasimulia habari za watu waliopita njia hii mbele yetu, wakaipita yote hata mwisho.

Watu hao ni Makaburu wa Afrika ya Kusini. Mtu aweza kuuliza, kwa nini kwenda mbali hivyo? Twajibu kwamba si mbali. Mwaka wa 1908 kundi lao lilikuja kwa meli mpaka Mombasa, likapanda gari la moshi mpaka Nakuru, kisha likasafiri kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mpaka uwanda wa Uasin Gishu. Mji wa Eldoret wazee waliuita Sisibo, nao ni matamshi ya namba sitini na nne kwa Kiingereza, maana ndiyo iliyokuwa namba ya shamba mahali pale. Huko walijenga kanisa lao, na kusali kwa lugha yao, na wengi wao waliondoka ilipokaribia Uhuru mwaka wa 1963. Walijulikana kuwa watu wa kusoma Biblia nyumbani. Kwa sababu hiyo yatupasa kuwatazama kwa makini. Kama wangalikuwa watu wasiomjua Mungu, habari zao zisingalitufundisha kitu.

Tuanze na mwaka wa 1829, huko Rasi ya Tumaini Jema. Mtu mmoja asiye Mzungu alikuwa amebatizwa na kukubaliwa kushiriki Meza ya Bwana, na Wazungu wengine wa kanisa lile hawakutaka kunywa pamoja naye. Shauri likapelekwa mbele ya sinodi ya Kanisa la Kiholanzi. Sinodi ikajibu kwamba Meza ya Bwana ni moja kwa waumini wote, pasipo kutazama rangi wala asili. Tena ikaongeza kwamba neno hili halifai hata kujadiliwa na kupigiwa kura, maana limesimama juu ya Neno la Mungu lenyewe. Wanachama, twawaomba mlishike jibu hilo. Miongoni mwa wazee wale wa kanisa walikuwamo Makaburu, na baadhi yao walikuwa na watumwa mashambani mwao, maana utumwa ulikuwa haujafutwa katika nchi ile. Hata hivyo walijua kwamba kuna mambo ambayo mkutano hauna mamlaka juu yake.

Lakini manung'uniko hayakwisha. Miaka ishirini na minane ikapita, na mwaka wa 1857 sinodi ikaketi tena na shauri lile lile. Azimio lao lina sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza walisema kwamba ni jambo la kutamanika, tena lapatana na Maandiko, waumini wapya wapokewe katika makanisa yaliyopo, pamoja na wengine. Katika sehemu ya pili walisema kwamba, pale ambapo jambo hilo lingezuia kazi ya Kristo kwa sababu ya udhaifu wa wengine, waumini hao wapewe nyumba yao ya kusalia, mbali.

Sisi tulio makarani tumezoea kusoma kumbukumbu za mikutano, na twakiri kwamba hatujaona kumbukumbu nyingine iliyotusumbua kama hii. Hawakuikana Injili. Waliikubali, wakaiandika, wakaisifu kuwa ndiyo kweli. Kisha wakaiweka kando kwa neno moja dogo, yaani "lakini". Tena udhaifu waliousema haukuwa wa yule aliyefukuzwa, bali wa yule aliyefukuza. Na dawa yake waliyoitoa ilikuwa kumwondoa mtu mzima ili mgonjwa apate raha. Hawakusema ya kwamba itakuwa hivyo milele. Ilikuwa ruhusa tu, kwa ajili ya mahali fulani na watu fulani. Mwaka wa 1881 ruhusa ile ilikwisha kuwa kanisa zima lililotengwa kwa ajili ya watu wa rangi mchanganyiko. Baadaye yakafuata makanisa ya Waafrika na ya Wahindi. Mtoto aliyezaliwa katika siku zile za baadaye alikuta kila rangi na kanisa lake, akadhani ndivyo Mungu alivyopanga.

Basi utaifa wao uliingiaje? Hapa hatuna budi kusema neno ambalo huenda likawachukiza wengine: uliingia kwa mlango wa mateso, na mateso hayo yalikuwa ya kweli. Katika vita vyao na Waingereza, kuanzia mwaka wa 1899 hata 1902, majeshi ya Uingereza yalichoma mashamba yao na kuwakusanya wanawake na watoto katika kambi. Walikufa humo watu kama 26,000, wengi wao watoto, kwa njaa na maradhi. (Waafrika nao walifungwa katika kambi zao, wakafa kwa maelfu, na hesabu yao haikuwekwa vizuri, hili nalo lafaa kukumbukwa.) Watu walioonewa namna hiyo hutafuta neno la kuwainua, nao walilipata katika Biblia. Wakajiona kuwa Waisraeli, Mwingereza ndiye Farao, na nchi ndiyo Kanaani. Mwafrika aliyekuwamo katika nchi hiyo akabaki na sehemu moja tu katika hadithi, nayo ni ile ya Wakanaani.

Wakayakumbuka pia mambo ya tarehe 16 Desemba 1838, walipopigana na jeshi la Wazulu kando ya mto Ncome. Kabla ya vita waliweka nadhiri kwamba Mungu akiwapa ushindi wataishika siku ile kama Sabato na kumjengea nyumba. Wazulu wapatao 3,000 waliuawa, na katika Makaburu hakufa hata mmoja, maana bunduki na mizinga si sawa na mikuki. Wao walisema ni Mungu aliyechagua. Tarehe 16 Desemba 1949 walifungua jengo kubwa la mawe karibu na Pretoria kuwa ukumbusho wa mababu waliohama, nalo lina tundu katika paa, lililopimwa kwa ustadi, hata jua la saa sita mchana katika siku ile ya nadhiri lipige juu ya jiwe lililowekwa ndani kama kaburi. Hatuwacheki. Kila taifa lina mawe yake. Lakini watu wakifika mahali pa kulipangia jua liwatie mafuta wao, imebaki nafasi ndogo ya kuwahubiria toba.

Mwaka wa 1948 chama chao kilishinda uchaguzi, na Waziri Mkuu wao, Daktari D. F. Malan, alikuwa amewahi kuwa mchungaji wa kanisa lile. Jina walilolipenda kwa elimu na siasa yao lilikuwa la Kikristo na la kitaifa pamoja. Sheria zikafuatana: mwaka wa 1949 ya kuzuia ndoa za Wazungu na wasio Wazungu, mwaka wa 1950 ya kuandikisha kila mtu kwa rangi yake, na nyingine ya kuwagawia watu mahali pa kukaa, mwaka wa 1953 ya elimu ya Waafrika, ambayo ilizinyang'anya misioni shule zao. Sisi tuliosomeshwa na misioni twapaswa kulitazama jambo hilo la mwisho mara mbili. Serikali iliyojiita ya Kikristo ndiyo iliyoyavunja mashule ya Kikristo, kwa kuwa yalimfundisha Mwafrika mambo yasiyopatana na mahali alipowekewa.

Na wachungaji wao walitafuta Maandiko ya kuitegemeza kazi hiyo. Aya waliyoipenda ilikuwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, aya ya 26, Paulo akinena huko Athene, mahali asemapo kwamba Mungu aliwawekea mataifa mipaka ya makazi yao. Fungueni Biblia zenu nyumbani mkaisome. Aya hiyo haianzi na mipaka. Huanza kwa kusema kwamba Mungu aliwafanya watu wa kila taifa kutoka katika asili moja. Walisoma mwisho wa sentensi wakaruka mwanzo wake. Karani akiandika kumbukumbu namna hiyo hufukuzwa kazi.

Wako watakaotuambia: Je, basi ni dhambi kulipenda taifa? Wazee wetu walilipigania taifa hili wakiwa na Biblia mkononi. Hapana, si dhambi, nasi tuna shahidi mwema kutoka nchi ile ile. Albert Luthuli alikuwa mwalimu wa shule ya misioni, mhubiri wa kanisa, na chifu wa watu wake huko Groutville. Mwaka wa 1952 Serikali ilimwambia achague kati ya uchifu na chama cha ANC. Alikataa kuviacha vyote viwili, akavuliwa uchifu, naye akatoa maelezo yake akisema kwamba njia ya uhuru hupita katika Msalaba. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka wa 1960. Luthuli alikuwa mzalendo kweli kweli, lakini Kristo wake hakuwa wa Wazulu. Aliwataka watu wote wa nchi ile, na Kaburu miongoni mwao, wakae katika nchi moja. Basi yule aliyetaka watu wote waitwe nyumbani, na yule aliyetaka watu wake tu, wote wawili walisoma Injili moja na kuimba nyimbo zilizofanana. Na ndiyo sababu twasema kwamba kuitaja Injili hakutoshi, yafaa kutazama imemfungulia nani mlango na imemfungia nani.

Mwaka wa 1957 Serikali ilileta sheria ya kumpa Waziri uwezo wa kuwazuia Waafrika kuingia makanisani katika mitaa ya Wazungu. Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Cape Town, Geoffrey Clayton, alikuwa mtu wa tahadhari, asiyependa magomvi na Serikali. Siku ya Jumatano ya Majivu, tarehe 6 Machi, alitia sahihi barua kwa Waziri Mkuu kusema kwamba hataweza kuitii sheria hiyo wala kuwashauri watu wake waitii. Kesho yake akafariki dunia. Ni siku ile ile ya tarehe 6 Machi ambayo Ghana ilipata uhuru wake, na wengi wetu twaikumbuka kwa sababu hiyo tu.

Kisha tarehe 21 Machi 1960 polisi waliua watu 69 huko Sharpeville, nao walikuwa wakipinga sheria za pasi. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo makanisa ya nchi ile, pamoja na wajumbe wa Baraza la Makanisa la Ulimwengu, yalikutana Cottesloe, Johannesburg. Wajumbe wa Kanisa la Kiholanzi wa majimbo mawili makubwa walikuwamo, nao wakakubaliana na wenzao kwamba mtu amwaminiye Kristo hawezi kuzuiwa kanisani kwa ajili ya rangi yake, na kwamba Maandiko hayakatazi ndoa za watu wa rangi mbalimbali. Neno lile la mwaka wa 1829 likafufuka! Lakini Waziri Mkuu Verwoerd akachukizwa, na sinodi zilipoketi mwaka wa 1961 zikawakana wajumbe wao wenyewe na kutoka katika Baraza. Wajumbe wakarudi nyuma, wengi wao.

Mmoja hakurudi. Jina lake Beyers Naudé, mchungaji wa Aasvoëlkop mjini Johannesburg. Baba yake alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Broederbond, chama cha siri cha wakubwa wa Makaburu, na yeye mwenyewe aliingia chama hicho mwaka wa 1940. Kama angalinyamaza, hakuna cheo ambacho kingemshinda. Mwaka wa 1963 alitakiwa achague kati ya uchungaji wake na kuiongoza Taasisi ya Kikristo, iliyokuwa imeanzishwa ili kuwakusanya Wakristo wa rangi zote. Mwezi wa Septemba alisimama mbele ya washarika wake akahubiri juu ya jibu la Petro kwa baraza, ya kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, kisha akaaga. Watu wake walimhesabu kuwa msaliti. Mwezi wa Oktoba 1977 Serikali ilimpiga marufuku, asikutane na mtu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, akakaa hivyo miaka saba. Akajiunga na kanisa la Waafrika. Mwaka wa 1985 akashika nafasi ya Desmond Tutu kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Makanisa la Afrika ya Kusini, akafariki mwaka wa 2004.

Tumelisimulia jambo la Naudé kwa kirefu kwa sababu wengi hupenda kusema kwamba kuasi mambo ya watu wako ni kazi ya mtu asiye na kwao. Huyu alikuwa na kwao kuliko wote.

Mwaka wa 1982 huko Ottawa, nchini Kanada, makanisa ya Reformed ya ulimwengu yalifanya mkutano, na baadhi ya wajumbe weusi wa Afrika ya Kusini wakakataa kuketi Meza ya Bwana pamoja na ndugu zao Wazungu. Walisema kwamba nyumbani hawaruhusiwi kuketi nao, nao hawatajifanya kuwa wamoja ugenini. Mkutano ukatangaza kwamba kutenganisha watu kwa rangi ni dhambi, na kwamba kukutetea kwa Injili ni uzushi. Makanisa mawili ya Wazungu yakasimamishwa uanachama. Mwaka ule ule, kule Belhar karibu na Cape Town, lile kanisa lililotengwa mwaka wa 1881 liliandika ungamo lake la imani, likalikubali rasmi mwaka wa 1986. Ungamo hilo lanena juu ya umoja wa kanisa, upatanisho, na Mungu aliye upande wa wanaoonewa. Hivyo wale waliofukuzwa mezani ndio waliowakumbusha wenye meza maana yake.

Mwezi wa Novemba 1990 makanisa yalikutana Rustenburg, na Profesa Willie Jonker wa Stellenbosch akasimama akaungama dhambi ya ubaguzi, yake mwenyewe na ya kanisa lake. Askofu Mkuu Tutu akasimama akampokea. Miaka minne baadaye nchi ile ikafanya uchaguzi wa watu wote, na tarehe 16 Desemba ikapewa jina la Siku ya Upatanisho. Hata hivyo kanisa la Wazungu na lile la weusi hayajaungana kuwa moja mpaka tunapoandika haya. Tangu sentensi ile ya 1857 imepita zaidi ya miaka mia moja na sitini. Kuiandika huenda kulichukua asubuhi moja.

Sasa turudi nyumbani, Bwana Mwenyekiti, maana hatukusimama hapa ili tuwahukumu Makaburu na sisi tukaondoka safi. Baada ya Tom Mboya kuuawa tarehe 5 Julai 1969, watu wengi wa Mkoa wa Kati walipelekwa kula kiapo cha kwamba utawala usitoke katika jamii yao. Wakristo wengine walikataa, wakapigwa, na viongozi wa makanisa, wa Presbyterian miongoni mwao, wakalipinga jambo hilo waziwazi. Tunalitaja kwa heshima, maana waliopinga walikuwa wa kabila lile lile lililotakiwa kula kiapo. Lakini katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 mambo yalikuwa mengine. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, na zaidi ya ishirini wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Ni katika uwanda ule ule wa Uasin Gishu. Baadaye katika mwaka huo Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya liliomba radhi kwa taifa, kwa kuwa makanisa yalikuwa yamegawanyika kwa kabila na kwa vyama, hata yakakosa sauti ya kuwakemea watu.

Tena Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 8, yasema kwamba hakutakuwa na dini ya dola. Wako Wakristo wanaoliona neno hilo kuwa hasara. Sisi twaliona kuwa kinga kwa Injili yenyewe, isije ikakodishwa na kila apitaye akitafuta kura.

Sasa hoja iliyo mbele yetu. Tumelipitia daftari la ada ukurasa kwa ukurasa, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Katika daftari hilo wamo wenzetu Waislamu, watu wa kwetu kabisa, ambao familia zao zimelipa tangu chama kilipoanza. Wamo wake waliooa na kuolewa kutoka makabila mengine, ambao wanazikwa kwetu na watoto wao ni wetu. Wamo waliobatizwa ambao makanisa yao yamegawanyika mara mbili na mara tatu, na ikipita hoja hii hatujui karani atapokea barua ya mchungaji yupi na kuikataa ya yupi. Yumo pia mzee mmoja, mnamjua nyote, asiyepata kubatizwa. Stakabadhi yake ya kwanza ipo katika kitabu cha kwanza kabisa cha Mweka Hazina. Mzee huyo amechangia majeneza ya watu ambao hakuingia makanisani mwao hata siku moja, na hakuna mjane aliyemrudishia shilingi zake kwa sababu ya dini yake. Tukiipitisha hoja hii leo, siku atakapofariki ni sisi tutakaompelekea mwanawe barua ya kumweleza kwamba baba yake hakuwa na barua. Twasema mapema kwamba barua hiyo hatutaiandika. Halmashauri itatafuta mkono mwingine.

Kuhusu neno "kwa muda" lililomo katika hoja, tumekwisha kueleza yaliyofanywa na neno la namna hiyo mahali pengine.

Hatusemi kwamba mabishano ya mwaka uliopita yasitafutiwe dawa. Yalikuwa mabaya, na wafiwa waliumia. Kwa hiyo tumeleta marekebisho, nayo yameungwa mkono na wazee wawili wa halmashauri, mmoja shemasi wa kanisa na mmoja Mwislamu. Yasema hivi: ya kwamba kazi ya chama katika msiba ni jeneza, gari, na posho ya wafiwa, kwa kila mwanachama asiye na deni la ada, pasipo kuulizwa dini wala kabila, ya kwamba maombi yapangwe na wenye msiba, nao wamtaje kwa maandishi mtu mmoja atakayeyaongoza, na ya kwamba mjumbe wa chama ambaye atagombana juu ya maombi hayo mbele ya maiti aondolewe katika halmashauri kwa mwaka mzima. Jina la chama libaki kama wazee waanzilishi walivyoliandika.

Hoja ya kwanza na marekebisho haya yamechapwa pamoja, nyuma ya taarifa ya Mweka Hazina, ili kila mwanachama ayasome yote mawili kabla ya kuinua mkono. Bwana Mwenyekiti, twaketi.